Kura za Kasongo na Kabambare, hesabu ya Kinshasa: kwa nini mwenye kura nyingi anaweza kubaki nyumbani

Baada ya kila uchaguzi, swali moja linazunguka kwenye masoko na parsele za Maniema ya kusini: mtu wetu alipata kura nyingi kuliko wote, namna gani hakupita? Wengi wanajibu haraka kwamba kura ziliibiwa. Udanganyifu upo, na mwaka 2024 tume ya uchaguzi CENI yenyewe ilifuta kura za wagombea 82 kwa sababu hiyo. Lakini kuna jibu lingine ambalo halizungumziwi sana. Hata pale ambapo kila kura imehesabiwa vizuri, sheria ya uchaguzi ya Kongo inaweza kumwacha nyumbani mgombea aliyeongoza, na kumpeleka Kinshasa mtu aliyepata kura chache zaidi.

Sheria hiyo ni ya tarehe 9 Machi 2006. Ilirekebishwa mwaka 2011, 2015, 2017, na mara ya mwisho tarehe 29 Juni 2022. Kila marekebisho yalibadilisha kitu kidogo kwenye njia inayotoka biro ya kura hadi kiti cha bunge. Uchaguzi unaofuata unategemewa mwaka 2028. Mkaaji wa Kasongo ao Kabambare anayetaka kura yake izae kitu inafaa aijue njia hiyo mapema, kabla magari ya kampeni hayajafika na kofia na vitambaa.

Kura tatu Kasongo, nne Kindu

Tarehe 20 Desemba 2023, mpiga kura wa Kasongo na wa Kabambare alichagua mara tatu: raisi, mbunge wa taifa na mbunge wa jimbo. Mwenzake wa Kindu, kwenye komine za Kasuku, Mikelenge na Alunguli, alichagua mara nne, maana aliongezewa mshauri wa komine. CENI iliandaa uchaguzi huo wa nne kwenye miji mikubwa ya majimbo peke yake.

Kila moja ya kura hizo ina sheria yake. Kwa raisi, hesabu ni nyepesi: tangu Katiba ilipobadilishwa Januari 2011, hakuna tena duru ya pili. Mwenye kura nyingi anapita, hata kama hakufikisha nusu. Mwaka 2018 Félix Tshisekedi alitangazwa mshindi kwa asilimia 38.57. Kwa gavana na maseneta, mkaaji hapigi kura kabisa: wanachaguliwa na wabunge wa jimbo, kule Kindu. Kwa hiyo kura ya mbunge wa jimbo, ile watu wengi wanaichukua kama ndogo, njo inayomzaa gavana.

Hesabu ngumu iko kwa wabunge, na inaanza mbali kabla ya siku ya kura.

Mlango wa kwanza: feza na asilimia 60

Mgombea ubunge wa taifa analipiwa dhamana ya faranga za Kongo 1,600,000. Feza hiyo hairudi, ashinde ao ashindwe. Kwa mwalimu wa shule ya msingi wa Wamaza, ao mama anayeuza mafuta ya ngazi kwenye soko la Kasongo, hiyo ni kazi ya miezi mingi.

Sheria ya 2022 iliongeza mlango mwingine. Chama ao muungano wa vyama unapaswa kuleta wagombea kwa asilimia 60 ya viti vyote vinavyogombewa nchini. Bunge la taifa lina viti 500, kwa hiyo inatakiwa wagombea 300. Ukizidisha wagombea 300 kwa dhamana ya kila mmoja, unapata faranga milioni 480. Hiyo ni kabla ya kununua bango moja ao tangi moja ya mafuta ya pikipiki.

Maana yake kwa Maniema ya kusini ni wazi. Watu wa Kasongo wakikutana, wakaunda chama chao, wakachagua mtu wanayemwamini, bado hawawezi kumleta mbele ya CENI kwa jina la chama hicho. Wanapaswa kwanza kutafuta wagombea Equateur, Kasai, Kongo Central na Katanga. Wasipowapata, wanaingia chini ya mwavuli wa mtu mwingine, na mara nyingi mwenye mwavuli anakaa Kinshasa.

Kuna nafuu moja ndani ya sheria ambayo vyama vingi haviitumii: orodha yenye wanawake asilimia 50 kwenye eneo la uchaguzi inasamehewa dhamana. Kwa teritware yenye wasomi wanawake, wauguzi, walimu na viongozi wa vyama vya akiba, huo ni mlango ambao unaweza kupunguza mzigo. Mara nyingi, lakini, mwanamke anaitwa siku ya mwisho ili nafasi ijae, na hapewi njia ya kufanya kampeni.

Kura moja, kazi mbili

Watu wengi wanafikiri kwamba ukigusa picha ya mgombea kwenye mashine, umemchagua yeye peke yake. Sivyo. Kura hiyo inafanya kazi mbili. Kwanza inaingia kwenye jumla ya orodha yake, pamoja na kura za wenzake wa chama kimoja. Kiisha, ndani ya orodha hiyo, inasaidia kujua nani atakaa kwenye kiti ikiwa orodha imepata kiti.

Mfano wa kufikirika unasaidia kuelewa. Tuseme teritware moja ina viti vitatu, na kura halali ni 60,000. Orodha nne zinashindana:

Orodha A: kura 24,000. Wa kwanza wao ana 11,000, wa pili 8,000, wa tatu 5,000.
Orodha B: kura 15,000. Wa kwanza ana 6,000, wa pili 5,000, wa tatu 4,000.
Orodha C: kura 12,000. Wa kwanza ana 5,500, wa pili 4,000, wa tatu 2,500.
Orodha D: kura 9,000, zote za mgombea mmoja.

Kura 60,000 zinagawanywa kwa viti vitatu: kila kiti kina bei ya kura 20,000. Orodha A inanunua kiti kimoja na kubaki na 4,000. Hakuna orodha nyingine iliyofika 20,000, kwa hiyo viti viwili vilivyobaki vinakwenda kwa wenye mabaki makubwa: B yenye 15,000 na C yenye 12,000.

Angalia sasa watu. Wanaokwenda Kinshasa ni mwenye 11,000, mwenye 6,000 na mwenye 5,500. Wanaobaki nyumbani ni mwenye 9,000 wa orodha D, na mwenye 8,000 wa orodha A. Hakuna karatasi iliyoibiwa hapa, wala PV iliyofutwa. Ni hesabu tu. Mgombea wa D alikuwa wa pili kwa watu, lakini alikuwa peke yake, na wenzake walikuja watatu.

Njo maana viongozi wa orodha wanatafuta watu wenye jina katika kila pembe ya teritware: mmoja wa upande wa barabara kuu, mmoja wa karierre, mmoja wa kabila lingine. Wawili kati yao wanajua kwamba hawatapita. Kura zao zinapanda mgongoni mwa wa kwanza. Mkaaji anayempigia kura mtoto wa groupement yake anaweza, bila kujua, kuwa anampeleka bungeni mtu ambaye hajawahi kumwona.

Mlango wa pili: asilimia 1 ya nchi nzima

Kabla ya kugawa viti, CENI inachuja. Tangu marekebisho ya Desemba 2017, orodha ambayo chama chake hakikufikisha asilimia 1 ya kura zote halali za nchi haiingii kwenye ugawaji wa viti vya bunge la taifa. Sheria ya 2022 iliuacha mchujo huo palepale. Kwa bunge la jimbo, kiwango ni asilimia 3, lakini hesabu inafanywa ndani ya jimbo.

Asilimia 1 inasikika ndogo. Lakini kama kura halali nchini ni milioni 17, asilimia 1 ni kura 170,000. Kwenye teritware ya mfano wetu, hata watu wote 60,000 wangepigia orodha moja, bila mmoja kutoka, orodha hiyo bado ingepungukiwa kura 110,000. Zinapaswa kutoka kwingine.

Turudi kwenye mfano. Tuseme chama cha orodha A hakikufika asilimia 1 nchini. Kura zake 24,000, nyingi kuliko za orodha yoyote, zinatolewa. Viti vinakwenda kwa B, C na D. Mwenye kura 11,000, aliyeongoza wote kwa mbali, anarudi nyumbani. Watu wanne kati ya kila kumi wa teritware hiyo hawana mtu waliyemchagua. Na walioamua jambo hilo ni wapiga kura wa Matadi na Gemena, ambao hawakuzoa kura za kutosha kwa chama hicho, na ambao hawajui Kabambare iko wapi.

Mwaka 2023 wagombea zaidi ya 25,000 waligombea ubunge wa taifa. Miongoni mwa vyama na miungano 71 iliyoshindana, ni 44 tu vilivuka mchujo wa asilimia 1. Kura za wale wengine zilihesabiwa, zikaandikwa, kiisha zikawekwa pembeni.

Mgombea huru ndiye anayeumia zaidi. Sheria inamruhusu kugombea, lakini akiwa peke yake kwenye teritware moja, atatoa wapi asilimia 1 ya nchi? Jina lake linakaa kwenye mashine, dhamana yake imelipwa, na mlango wa bunge la taifa umebaki karibu umefungwa.

Kwa bunge la jimbo mambo ni tofauti kidogo. Kama kura halali za Maniema yote ni 500,000, asilimia 3 ni 15,000. Kundi lenye nguvu Kasongo na Kabambare peke yake linaweza kufika hapo. Njo maana, kwa wanaotaka sauti ya kusini isikike bila kuazima chama, kiti cha Kindu kiko karibu kuliko kiti cha Kinshasa.

Wanaoitetea sheria wanasema nini

Mchujo huu una watetezi wake, na hoja yao ina uzito. Mwaka 2018 vyama vilivyoandikishwa nchini vilikaribia 600, na kufika 2023 vilikuwa vimepita 900. Vingine ni mtu na familia yake, muhuri na namba ya simu. Bunge lenye vyama mia haliwezi kusimamisha serikali bila kununuana. Mchujo, wanasema, unalazimisha watu kuungana, kupanga mradi mmoja, na kutoka nje ya kabila na teritware zao.

Kinachoonekana kwenye uwanja ni kingine. Watu wameungana, ndiyo, lakini mara nyingi bila mradi. Vyama vidogo vinaingia kwenye muungano mmoja ili kuvuka mto, na wakifika ng'ambo kila mtu anashika njia yake. Mgombea wa Maniema anaweza kusimama leo chini ya A/A-UNC, kesho chini ya AFDC-A, keshokutwa chini ya jina lingine, kulingana na orodha ipi ina nafasi na ipi inategemewa kuvuka. Vyama vikubwa navyo vinazaa vyama vidogo vya pembeni ili kuzoa viti zaidi. Mwaka 2024, CENI ilipotangaza matokeo ya muda, UDPS ilikuwa ya kwanza ikiwa na viti 69 tu kati ya 477, lakini muungano wa raisi, ukihesabu vyama vyote vilivyo nyuma yake, ulikuwa na wingi mkubwa.

Mchezo huo haukuanza na serikali ya sasa. Mwaka 2018 Emmanuel Ramazani Shadary, mtoto wa Maniema ya kusini, alikuwa mgombea uraisi wa FCC na akatangazwa wa tatu. Lakini FCC yenyewe ilipata viti zaidi ya 300 vya bunge la taifa, siku ileile, kwa wapiga kura walewale. Orodha nyingi zilizopangwa vizuri zilishinda pale ambapo mgombea mmoja alishindwa. Miaka mitano baadaye chama chake PPRD kilikataa kushiriki, na mpiga kura wa Kabambare aliyekizoea alikuta hakuna orodha yenye jina hilo kwenye mashine.

Kwingine wanafanyaje?

Kila nchi inaweka mlango mahali fulani. Tanzania inakataza kabisa mgombea binafsi: lazima uwe na chama, hata baada ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu kuamua mwaka 2013, kwenye kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba katazo hilo linavunja haki. Kenya inamruhusu mgombea huru, na inadai saini za wapiga kura. Anayetaka uraisi anapaswa kuleta angalau saini 2,000 kutoka kila kaunti, kwenye kaunti zaidi ya nusu.

Marekani, kila jimbo lina sheria yake ya kuingiza jina kwenye karatasi ya kura. Mwaka 2024 Robert F. Kennedy Jr., mgombea huru, alitumia miezi mingi na feza nyingi kukusanya saini jimbo kwa jimbo, na kujibu kesi mahakamani, kabla ya kusimamisha kampeni yake mwezi wa Agosti. Lakini kwa wabunge, majimbo karibu yote yanampa kiti mwenye kura nyingi kwenye eneo lake. Ugomvi wao uko kwenye ramani: nani anachora mipaka ya eneo. Mwaka 2025 Texas ilichora upya mipaka yake katikati ya muhula, ili chama kinachotawala kipate viti zaidi.

Ujerumani ina mchujo wa asilimia 5, mkali kuliko wa Kongo. Na kwenye uchaguzi wa Februari 2025, wagombea 23 walioongoza kwenye maeneo yao hawakupata kiti, kwa sababu ya sheria mpya inayofunga viti kwa kura za chama. Kwa hiyo kilio cha Kasongo si cha Kasongo peke yake. Tofauti ni kwamba mpiga kura wa Ujerumani ana kura mbili kwenye karatasi moja, moja ya mtu na moja ya chama, na anaona wazi kwamba anachagua vyote viwili. Mpiga kura wa Kongo anagusa picha ya mtu, na hakuna anayemwambia kwamba amechagua chama.

Siku ya kura: mashine, karatasi na PV

Mashine ya kupigia kura, iliyotengenezwa na kampuni ya Miru ya Korea ya Kusini, ilitumiwa mara ya kwanza tarehe 30 Desemba 2018. Watu waliipa jina la mashine ya kuiba. Kazi yake ni kuonyesha picha, kupokea chaguo na kuchapa karatasi. Karatasi hiyo inaingia kwenye sanduku, na kuhesabu kunafanywa kwa mikono, mbele ya mashahidi wa vyama na waangalizi. Kwa hiyo kitu kinachopaswa kulindwa zaidi ya mashine ni karatasi, na zaidi ya karatasi ni PV, yaani ripoti ya biro.

Sheria inataka biro ifunguliwe saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, na aliye kwenye mstari saa ya kufunga aruhusiwe kupiga. Mwaka 2023 hayo hayakufuatwa sehemu nyingi za nchi: vifaa vilichelewa, mashine zilikosa umeme, na kura ziliendelea siku zilizofuata. Desemba ni mvua Maniema ya kusini. Njia za Kabambare, zilizo mbaya hata wakati wa kiangazi, zinageuka matope, na sanduku moja linaweza kutembea kwa pikipiki, pirogi na kichwa cha mtu kabla ya kufika kwenye kituo cha kukusanya matokeo.

Ndani ya safari hiyo njo hatari kubwa iko. Baada ya kuhesabu, PV inasainiwa, mashahidi wanapewa nakala, na matokeo yanabandikwa mbele ya biro. Sheria ya 2022 inadai pia matokeo yatolewe biro kwa biro. Mgombea anayetaka kushitaki matokeo ya ubunge wa taifa ana siku nane, na kesi iko Kinshasa, kwenye Mahakama ya Katiba. Bila nakala za PV, hana cha kuonyesha. Chama kisichoweka shahidi kwenye biro za mbali, kule Salamabila ao kwenye vijiji vya mpaka wa Fizi, kimekubali mapema kuamini PV ya mtu mwingine. Na mkaaji yeyote mwenye simu anaweza kupiga picha ya matokeo yaliyobandikwa ukutani. Hiyo ni karatasi ya wote.

Lingine ni karte. Maniema iliandikishwa kwenye awamu ya tatu, kuanzia Februari 2023. Karte nyingi za wakati ule zilifutika maandishi baada ya miezi michache. Na mtu anapiga kura pale alipoandikishwa. Kwa aliyekimbia vita, hilo ni jambo zito. Kwenye uchaguzi wa 2018, Beni na Butembo zilisogezewa kura hadi Machi 2019, wakati raisi alikuwa tayari ameapa. Mwaka 2023, Masisi na Rutshuru hazikupiga kabisa. Tangu M23 ichukue Goma mwezi wa Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, wakimbizi wa ndani wametawanyika hadi majimbo ya jirani. Uandikishaji ujao usipowafuata pale walipo, watakuwa raia wasio na biro.

Kura ambayo haijawahi kufika

Kuna uchaguzi mmoja ambao hauna mchujo wa nchi nzima, na ambao ungegusa maisha ya kila siku kuliko yote: wa washauri wa sekta na sheferi. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inasema kwamba sekta, sheferi, komine na mji ni maeneo yenye mamlaka yake, yenye baraza lililochaguliwa na watu. Kwenye sekta, baraza hilo ndilo lingemchagua mkuu wa sekta. Mchujo wake ni asilimia 10, lakini unahesabiwa palepale. Mizunguko minne ya uchaguzi imepita, 2006, 2011, 2018 na 2023, na mkaaji wa sekta za Kasongo na Kabambare hajaona karatasi hiyo.

Hasara yake inahesabika kwa feza. Kodi ya Madini ya mwaka 2018 inasema kwamba asilimia 15 ya mrabaha wa mgodi inakwenda moja kwa moja kwa eneo ambalo mgodi uko, na asilimia 25 kwa jimbo. Kabambare ina dhahabu ya Namoya. Nani anauliza feza hiyo imeingia kiasi gani, imejenga daraja gani, imenunua dawa gani? Sheria ilimpa kazi hiyo mshauri aliyechaguliwa. Mshauri hayupo. Mkuu wa sekta aliyeteuliwa anamjibu aliyemteua.

Wabunge hawana haraka ya kusukuma uchaguzi huo, maana mshauri wa karibu ni mpinzani wa kesho. CENI nayo inasema gharama. Lakini kila mwaka bila baraza ni mwaka ambao feza ya eneo inatumiwa bila mtu wa eneo kuikagua.

Maswali ya kuuliza kabla ya 2028

Mazungumzo ya kubadilisha Katiba, yaliyoanzishwa na raisi Tshisekedi akiwa Kisangani mwezi wa Oktoba 2024, yamefunika mengine yote. Kalenda inaweza kusogea. Sheria ya uchaguzi nayo inaweza kurudi bungeni, kama ilivyorudi kabla ya kila uchaguzi. Mchujo wa asilimia 1, asilimia 60 ya wagombea, dhamana na uchaguzi wa sekta ni mambo ambayo wabunge wa Kasongo na Kabambare watapigia kura. Watu wao wana haki ya kuwauliza sasa watasimama upande gani.

Na mgombea atakapokuja kuomba kura, maswali matano yatoshe. Uko kwenye orodha ya chama gani, na mwenye chama hicho ni nani? Mwaka 2023 kilivuka asilimia 1? Nani wengine wako kwenye orodha yako hapa, na kura zetu zitambeba nani? Utaweka shahidi kwenye biro yetu, na atalala na nini? Uchaguzi wa sekta, utaudai lini?

Mgombea anayejibu sura tu na undugu, akikwepa la chama, anaomba kura ambayo huenda tayari haina mlango. Kwa sheria ilivyo leo, kumjua mtu hakutoshi. Mpiga kura wa Maniema ya kusini anapaswa kujua pia mtumbwi aliopanda, na kama mtumbwi huo unaweza kufika ng'ambo.